Baba Asiulize Swali

...na sasa kijana huyu anatembea kinyumenyume tena, tangu asubuhi anatembea kinyumenyume, uso kwa wageni na mgongo kwa dunia, wala hajajikwaa hata mara moja, na Adelino Furtado, ambaye angefurahi kumwona akijikwaa, si kwa ubaya, kidogo tu, tako chini kisha ainuke acheke, anajikaza kisabuni nyuma ya kundi lote na swali lake mdomoni, swali limevimba humo kama mkate uliotiwa kwenye maziwa, lakini afanyeje, ameahidi, ameahidi pale kwenye maegesho mkono ukiwa kifuani, "Baba, leo sheria ni moja," Natércia alisema kabla hata hajafungua mkanda wa gari, "usiulize swali," "Hata moja?" "Hata nusu, Baba," na alisema akicheka lakini macho hayakucheka, na baba gani wa msichana wa miaka kumi na saba asiyejua kutofautisha mambo hayo mawili, basi akaahidi, na kusema kweli mtoto ana haki yake, maana katika ziara za vyuo vingine walizofanya kiangazi chote baba mtu alitia fora, kule Vermont aliuliza mbele za watu vigae vya bafu la bweni viliwekwa na nani na kama fundi huyo alikuwa anaona, na si uongo, mtu anayeuza vigae vya bafu na jikoni maisha yake yote hawezi kuingia bafuni akafumba macho, kule Rhode Island akauliza kama wavulana wanalala ghorofa moja na wasichana, akauliza huku akimkagua yule kijana wa kuwatembeza toka viatu hadi nywele, mpaka kijana wa watu akajitetea, "Mimi naishi kwa mama yangu, mzee," na Natércia akamaliza ziara yote upande wa pili wa kundi kama mtoto aliyeokotwa... "Samahanini, wazazi," anasema huyu wa leo, Corwin, jina limebandikwa kifuani, anapitisha kadi yake kwenye mlango wa maktaba, taa nyekundu, anapitisha tena, anaifuta kwenye suruali, nyekundu, "huwa inafunguka, jamani, kweli huwa inafunguka, ngojeni kidogo, kuna mwenzangu yuko ndani nimpigie," na kundi lote linasimama kwenye ngazi za mawe, mvua ya Ohio inawarashia, mvua isiyojua kunyesha wala kuacha, wazazi wanavuta kofia za makoti, watoto wanajifanya hawalowi, na Adelino anainua macho juu kwa woga kidogo, siyo mlango huu, ee Roho Mtakatifu, siyo huu niliokuomba uufunge, nilikuwa na maana ya ule mwingine...

maana hilo ndilo jambo ambalo hajamwambia mtu, Jumapili iliyopita kanisani kwao Fall River, misa imekwisha, mkewe Graça yuko nje anapiga soga na wanakwaya, yeye akarudi ndani kama mtu aliyesahau mwavuli, akawasha mshumaa, akapiga goti, lile goti zima, akasema kwa adabu, ule mlango wa Chuo cha Wexcombe, kule Ohio, ukiona inafaa, uufunge, polepole, mtoto asiumie, apate mwingine wa karibu, amina, na alipogeuka akamkuta mama yake mzazi, Vavó Deolinda, amesimama nyuma yake na mshumaa mkononi, "Unaomba nini?" "Amani duniani, Mama," "Hm," alisema Vavó, na mwanamke yule akisema hm hata padri hujikagua vifungo, "mimi naombea chuo cha mjukuu wangu, wamchukue hukohuko anakotaka, basi tuone mshumaa wa nani utasikilizwa," na wa kwake ulikuwa mkubwa, ulikuwa mara mbili ya ule wa Adelino, alikuwa amekuja nao tayari kutoka nyumbani... na ni nani aliyefikiri Vavó ndiye angemgeuka, Vavó anayelia mtoto akienda kulala kwa rafiki yake mtaa wa pili, Vavó aliyesema mwaka mzima kwamba msichana anasoma vizuri zaidi akila kwao, na karibu na nyumbani kuna chuo, chuo kizuri cha jimbo, kina miti, kina maprofesa, kiko karibu kiasi kwamba supu ya sukuma wiki na soseji ingetoka jikoni kwa Vavó ikafika bwenini inafuka moshi, na huku je, huku Ohio, ukitoka Massachusetts unapita jimbo baada ya jimbo, unapita Pennsylvania yenyewe, jimbo lisilo na mwisho, milima, malori, milima, unafika kwenye mahindi yaliyovunwa na uwanda uliolala chali, hata bahari hakuna, mtu anaishije mahali ambapo upepo hauna chumvi, njia nzima jana alitaka kusema hivyo, na njia nzima hakusema, alikuwa anainoa silaha yake, lile swali, kwa sababu mtu mzima hapigani ovyo, anangoja saa yake, na swali lilikuwa hili, kijana, katika wale wanaokuja hapa mwaka wa kwanza kutoka mbali, wangapi hushindwa wakarudi kwao kabla ya Krismasi... hivyo tu, kwa sauti ya upole, ya mzazi anayetaka kujua, lidondoke mbele ya Natércia kama kigae kwenye sakafu ya saruji, yeye mwenyewe aokote vipande, asije akasema ni baba aliyevunja...

"Na vitabu vya lugha za kigeni viko ghorofa ya ngapi?" anauliza mama mwenye koti jekundu, mama huyu ameuliza tangu asubuhi bila kupumua, ameuliza habari za vyumba, za walinzi, za mzio wa karanga, za mbu, na hakuna aliyemwekea sheria, ana mtoto wa kiume, yule pale kando ya nguzo, amejiziba masikio kwa muziki, ameshakata tamaa na maisha, na Adelino anamwonea mama huyu wivu mchungu, anamsikiliza kama mwenye njaa anavyosikiliza vijiko vya jirani, "Ya tatu," anajibu Corwin, simu sikioni, "halo, Priya? Uko wapi? Mimi niko nje na wageni, tunaloa... uko bwaloni? Unakula?" na watu wanacheka, na Natércia anacheka, yuko mbele kabisa, kofia ameshusha makusudi, nywele zimeanza kujikunja kwa unyevu kama za mama yake... Graça, Graça angekuwa hapa angesema nini, lakini Graça ni muuguzi na wikendi hii ni zamu yake, ndivyo alivyosema, zamu, na Adelino aliona kwenye jokofu karatasi ya zamu na hakuiona zamu hiyo, "Wewe ndiye uende naye," alimwambia chumbani, "mimi nilishalia yangu yote Agosti bafuni, nimemaliza, wewe hujaanza, nenda kaanzie mbali ambako hatukuoni," na akamkunjia soksi zake na kumpangia kwenye begi, soksi nyingi, kana kwamba anaenda vitani, "na ile sahihi, Adelino, mwisho ni Jumatatu," "Macho yananisumbua kwenye kompyuta," "Macho yako yanaona ufa kwenye kigae kilicho chini ya zulia," ... ile sahihi, ndiyo, hapo ndipo mkuki unapochoma, kwa sababu mtoto hataki kuomba Wexcombe kama watu wote, anataka kuomba mapema kwa ahadi, chuo kimoja tu, mbele ya vingine vyote, na ukikubaliwa umekubali, umefunga ndoa, vingine vyote unaviaga, na kwa kuwa ni ahadi nzito wanataka mzazi naye atie sahihi kwamba ameelewa, na Adelino ameelewa, shida ni hiyo, ameelewa kupita kiasi, asingeelewa angetia sahihi siku ile ile, na kama ni ada, aliwahi kujificha nyuma ya ada kwa wiki mbili nzuri sana, mpaka ofisi ya misaada ya chuo ikawapa hesabu ya makadirio na makadirio yakawa mazuri, na kisingizio kile kikafa hivihivi mikononi mwake...

na mtoto hajamwomba, hilo ndilo linalomtafuna, Natércia hajasema hata siku moja Baba tia sahihi, angeomba wangegombana kidogo, mlango ungebamizwa, Vavó angepiga kelele kutoka chini, mwishowe mtu mmoja angeshinda, lakini amekaa kimya na adabu zake, anapita na kikombe cha chai, anasema usiku mwema, mwaka mzima wa kuhangaika amehangaika mwenyewe, mtihani ameufanya, akarudia, akapanda alama, barua za walimu amezitafuta, na insha ile, Mungu wangu, insha ile ya kujieleza wewe ni nani, aliiandika akaifuta hata kompyuta ikachoka, ya kwanza ilikuwa juu ya Vavó, jinsi alivyotoka visiwa vya Azores akiwa msichana na sanduku moja na jogoo ambaye hakuruhusiwa kumpandisha ndege, wote walilia mezani, lakini mshauri wa wanafunzi shuleni, Bi. Lindqvist, akasema ni nzuri sana, ila mwaka huu nimepokea insha za bibi nyingi mno, vyuo vimechoka na mabibi, na Natércia kwa ujinga akalirudisha neno hilo nyumbani, "Wamechoka na mimi?" Vavó aliuliza, kijiko hewani, "Mimi wamenijulia wapi hata wakanichoka?" na kwa siku kadhaa alipika bila chumvi kuwakomesha maprofesa wa Amerika nzima, na Adelino anatabasamu hapa kwenye mvua peke yake, mama wa koti jekundu anamtazama, anafikiri anatabasamiwa, anatabasamu naye, ah, sasa balaa... na insha ya pili ilikuwa juu ya mpira, na ya tatu juu ya nini vile, na ya mwisho hakuisoma, hakuonyeshwa, "Hiyo ni yangu, Baba," alisema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayefunga mlango wa chumba chake akiwa anavaa, na yeye akasimama ukumbini na glasi yake ya maji, akajiona mgeni katika nyumba ambayo kila kigae alikiweka kwa mkono wake...

"Dakika tano, wazazi wangu, Priya anamalizia keki yake," Corwin anatangaza, "kwa sasa kama kuna swali lolote," na ulimi wa Adelino unaruka kama samaki, anaukamata kwa meno, mama wa koti jekundu ameshainua mkono, lakini kabla hajaanza kuna jambo linatokea kule mbele, Natércia amechuchumaa, amechuchumaa katikati ya ngazi, watu wote wamesimama na yeye chini, mkoba mgongoni kama kobe, na Adelino anashtuka, ameanguka, amezirai, chai ya asubuhi hakumaliza, anasukuma bega moja, la pili, "samahani, samahani, binti yangu," halafu anasimama, kwa sababu mtoto hajaanguka, anapangusa jiwe la ngazi kwa kiganja, analipangusa taratibu vile mtu anavyompangusa mtoto mdomo, "Hebu njooni muone," anasema, hamwambii mtu yeyote, anaiambia hewa, na msichana mmoja mwenye miwani anainama, "Nini hicho?" "Kombe hili, unaona mistari yake? Na hii hapa yenye umbo la pembe ni tumbawe, na hivi viduara vidogo kama pesa za wanasesere ni shina la mnyama, alikuwa mnyama kabisa lakini amekaa kama ua, amejishikiza chini anapepea, vimegeuka mawe vyote," "Acha utani," anasema Corwin, anakuja na simu bado sikioni, "mimi napita hapa kila siku," "Basi kila siku unawakanyaga," anasema Natércia, na watu wanacheka, na mvulana wa nguzoni, yule wa muziki, anazibua sikio moja, anazibua la pili, anasogea, "Wa lini hao?" anauliza, sauti yake inasikika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na mama yake anageuka kana kwamba mbwa ameongea, "Wa zamani kuliko dinosaria, zamani sana, hapa tuliposimama palikuwa bahari, ya joto, maji maangavu, kina kidogo, ungeweza kuogelea," anasema Natércia, na ananyoosha mkono kuonyesha, mkono unapita juu ya maktaba na bweni na uwanja wa mahindi kule nyuma, na kila mtu, wazazi wazima na makoti yao, anaufuata mkono ule, na Adelino naye anaufuata, na kwa kitambo kidogo, haki ya Mungu, anaiona, bahari, Ohio nzima imejaa maji...

na sauti, sauti ile ni ya nani, hiyo siyo ya mezani, mezani husema sawa na sijui na nipitishie mkate, hii imenyooka, ina kicheko ndani yake na haina haraka, aliwahi kuisikia, wapi, dukani, ndiyo, dukani, Natércia alikuwa bado ana meno ya utoto, Jumamosi Graça yuko kazini na mtoto anashinda na baba kati ya maboksi, mteja amekuja kuchukua vigae vyake vya mawe ya chokaa, bafu lote, mzigo uko mlangoni, na mtoto amelala kifudifudi juu ya kigae kimoja, hataki kuinuka, "Huyu haendi bafuni kwa mtu," "Huyu nani, mwanangu?" "Huyu konokono, yuko ndani, mtaoga juu yake," na mteja akacheka na yeye akaona aibu, akainama amwinue, akaona kweli, ndani ya jiwe, konokono amejizungusha safi kama keki, miaka yote anauza mawe yale na hajawahi kumwona hata mmoja, na mtoto akamshika kidole akakipitisha pale, zungusha, zungusha, "Unamsikia, Baba?" na baba akamwambia mteja boksi lile limepungua kigae kimoja, nitakuletea kingine kesho, na jioni mtoto akamweleza njia nzima habari za konokono, anaishi vipi, anakula nini, mengine ya kutunga, kwa sauti hii, hii hii, nyofu, yenye kicheko, na yeye anaendesha, anasema ehe, ehe, halafu ikawaje... ilipotelea wapi sauti hii, haikupotea, Adelino, ilikuwa inatafuta watu wa kuzungumza nao, wewe ulikuwa unasema ehe, mpaka lini mtu ataambiwa ehe, tazama walivyochuchumaa sasa, msichana wa miwani anapiga picha, yule mvulana amepata kombe lake mwenyewe kwenye ngazi ya chini na anaita, "Na hili? Na hili je?" na Corwin amesahau wageni, amesahau simu, ndani ya simu Priya anaita halo, halo, na mtoto wake yuko katikati yao, magoti yameloa, usoni ana ile hali ambayo watu hukaa nayo wakiwa kwao...

kwao, limemponyoka mwenyewe neno hilo, hakuna aliyemlazimisha, na linamuuma, anangoja limuume zaidi, kama mtu aliyejigonga kidole na nyundo anavyongoja maumivu yaje yenyewe, na hayaji yote, yanakuja nusu, nusu nyingine ni kitu kingine, kitu kama siku ile timu ya watoto anayoifundisha ilipofunga bao bila yeye kuwaambia wafanye nini, alikuwa amegeuka anatafuta maji, akasikia tu kelele, akageuka bao limeshaingia, na furaha yake ilikuwa imechanganyika na kijiswali kidogo, kumbe wanaweza, kumbe mimi nilikuwa nasimama pale kando nikipiga mbinja tu... na mshumaa wangu, ee Roho Mtakatifu, ule mfupi, kama bado hujaushughulikia, uuache, tena uuzime kabisa, sikiliza wa mama yangu, nilikuwa na njaa siku ile, sikujua nasema nini...

"Haya, swali, nilisema kuna swali?" Corwin anakumbuka kazi yake, anasimama, anajipangusa magoti, "Mama, ulikuwa umeinua mkono," lakini mama wa koti jekundu anamtazama mwanawe anayechekelea jiwe na swali limemtoka kichwani, anatikisa kichwa tu, na Natércia anageuka, anamtafuta, anamwona hapo nyuma ya mabega ya watu, ameloa, midomo ameibana kama pochi, na sijui anaona nini usoni mwa baba yake, kwa sababu anatabasamu, na safari hii macho nayo yamo, na anasema bila sauti, midomo tu, *uliza*, na Adelino anajionyesha kwa kidole, mimi?, na mtoto anatikisa kichwa, ndiyo, wewe, nani mwingine, moja tu, na kidole kimoja juu kama refa, na Adelino Furtado anafungua mdomo, swali lake liko tayari, limenolewa kutoka Massachusetts hadi Ohio, wangapi hushindwa wakarudi kwao, liko hapo kwenye ncha ya ulimi, na anaona kwamba hataki kujua, wangapi ni kitu gani, hata wakiwa wengi yeye hayumo, basi amesimama mdomo wazi, watu wote wamemgeukia, mvua inamwingia kinywani, na anajisikia akisema, "Wewe, kijana, siku ya kwanza walipokuleta hapa, baba yako aliondokaje?" na Natércia anafumba macho, anangoja balaa, lakini Corwin anacheka, anakuna kichwa, "Baba yangu? Hakuondoka, mzee, aliaga, akapiga kona, akarudi, akasema amesahau kunipa kijembe cha kunyolea, mimi hata ndevu sina, akaaga, akarudi kukagua dirisha kama linafunga, akaaga tena, mara ya mwisho alirudi akakaa tu kitandani kwangu akamsimulia mwenzangu wa chumbani habari za matairi ya theluji, ikabidi mama apige honi," na wazazi wote wanacheka, kicheko kirefu kisicho cha mzaha tu, mzee mmoja wa kofia ya mpira anapenga kamasi, "Na sasa?" anauliza Adelino, na hilo ni la pili, anajua, lakini refa hapulizi filimbi, "Sasa ananipigia Jumapili, ananiuliza kama dirisha bado linafunga," anasema Corwin, "nami namwambia halifungi vizuri, basi anakuja," "Na linafunga?" "Linafunga barabara," ...

na Natércia amepita kati ya watu, amekuja kusimama kando yake, bega lake limegusa mkono wa baba, wote wawili wanatazama mlango, "Lilikuwa swali zuri," anasema mtoto, chini kwa chini, "Nina jingine," "Babaa," "La kwako wewe, si la kijana, ile sahihi, lazima mtu akae kwenye kompyuta au hata kwenye simu inakubali?" na bega lile linaganda, linaganda kabisa, kisha mkono unaingia mfukoni na kutoka na simu, na kumbe ukurasa ule uko tayari, anaubofya mara moja tu unafunguka, tangu lini uko tayari, wiki ngapi mtoto huyu ametembea nao mfukoni akisema usiku mwema, "Hapa," anasema, sauti nyembamba, "kwa kidole," na Adelino anapangusa kidole kwenye suruali kama Corwin na kadi yake, anaandika, mvua inaandika naye, A inateleza, Furtado inapanda mlima na kushuka, "Baba, hii siyo sahihi, huyu ni buibui amelewa," "Ndiyo sahihi yangu, hata benki inaijua," "Una uhakika?" na haulizi habari ya buibui, wote wawili wanajua, "Huko kwetu utapata wapi bahari ya zamani hivi," anasema Adelino, na mtoto anamrukia, mkoba na unyevu na nywele zote, kwa kishindo hata anayumba ngazi moja chini, na watu wanageuka, mama wa koti jekundu anauliza, "Kuna nini, kumetokea nini?" na Adelino, ambaye ruhusa yake imekwisha kitambo, anamjibu kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya tatu, kwenye lugha za kigeni, "Binti yangu anakuja kusoma hapa!" "Baba!" anapiga kelele Natércia kifuani mwake, "hata maombi yenyewe sijatuma!" na watu wanapiga makofi vilevile, Corwin naye anapiga, huku akiijaribu kadi tena, taa nyekundu, mvua ile ile, Priya hajaja, na Adelino, kidevu juu ya kichwa cha binti yake, anaitazama ile barabara nyembamba inayopita mbele ya bweni na kuanza kuwaza, Agosti ijayo, siku ya kumleta, na wazazi wote hawa na magari yao, lori la duka utaliegesha wapi, labda pale kwenye kona, karibu na ule mti, ukifika mapema.